Kisanduku cha Kitufe Kimoja

Wenzangu wa atelye, karakana yetu, siku mliponiaga kule uwanja wa ndege wa Luano watu wanne walisimama kuhutubia, na wote wanne walieleza jinsi nilivyopanda ngazi. Nilikaa pale na soda yangu nikijiuliza ni nani huyo wanayemsifu. Vyeo sitaviandika hapa. Mishahara nayo naiacha: wanaoijua wananionea huruma, wasioijua waendelee kuniheshimu. Nataka kuwaandikia jambo ambalo hakuna aliyelitaja, yaani mahali nilipojifunza kazi. Ninyi mnatengeneza redio za ndege zenye watu ndani. Mimi nilianzia kwenye ndege zisizobeba hata panzi: ndege za mbao laini na karatasi, bawa hadi bawa urefu wa mlango, ambazo wazungu wa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati wa Ubelgiji, walizirusha kila Jumapili baada ya misa ili wapumzike na uchovu wa kututawala.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule ya mapadri nikijua Kifaransa cha kuimbia na hesabu za kutosha. Mwenye duka aliuza redio na gramafoni upande wa barabara, na nyuma kulikuwa na atelye. Jina lake silitaji, ana wajukuu. Sisi tulimwita Bwana Najua, kwa sababu hukumaliza kumweleza jambo kabla hajakukata: "Najua, najua." Siku yangu ya kwanza aliegemea meza akinieleza sheria za kazi, na ncha ya koti lake ikalala juu ya chuma cha kulehemu kilichokuwa moto.

"Bwana, koti yako..."

"Najua, najua."

Nikanyamaza, kama sheria zilivyotaka. Baada ya muda mfupi alijua zaidi, akaruka, akamwaga kahawa juu ya lampi tatu mpya. Hizo lampi za redio, ninyi mliozaliwa na transista hamzijui, zilikuwa za kioo na zilitoka Ulaya kwa meli na treni, zimefungwa kwa pamba kuliko mtoto mchanga. Nilidhani nimefukuzwa kazi kabla ya kuianza. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni, miwani yake imefungwa kwa uzi wa shaba, akaokota vile vioo bila haraka.

"Karibu mu kazi," akaniambia.

Huyo alikuwa Mzee Kabulo. Alijifunza redio jeshini wakati wa vita, akiibeba mgongoni, na alisema hiyo ndiyo njia nzuri ya kuijua mashine. Yeye ndiye aliyenifundisha, ingawa ubao wa dukani ulisema Bwana Najua ndiye fundi. Somo la kwanza halikuwa na chombo chochote.

"Usiguse kintu," alisema. "Nusa kwanza. Transfo ikiungua iko na harufu yake, lampi iko na yake. Ukinusa muzuri, mikono haitateseka."

Nilinusa redio za watu kwa majuma matatu. Wateja waliokuwa wakichungulia nyuma walidhani duka limeajiri mbwa wa mwindaji.

Halafu vikaja vile visanduku. Nieleze vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yanaponing'inia. Mrushaji alishika chini kisanduku kizito kama sanduku la bibi harusi, chenye antena ndefu kuliko mtu na kitufe kimoja tu. Ndani ya ndege mlikuwa na kipokezi chenye lampi moja, betri, na rele, swichi inayovutwa na umeme, ndogo kama ukucha. Ukifinya kitufe, rele inagonga, tik, na kuachia jino moja la kigurudumu kinachozungushwa na mpira uliosokotwa. Ukifinya mara ya kwanza, mkia unageukia kuume. Ukiachia, unanyooka. Ukifinya tena, unageukia kushoto. Ukiachia, unanyooka. Basi, ni hivyo tu, kuume na kushoto kwa zamu, mpaka mafuta yaishe na ndege ishuke yenyewe. Mashine haikuuliza unataka wapi. Ilitoa upande ambao zamu yake imefika, na aliyefinya alipaswa kukumbuka ni upi. Kumbukumbu haikuuzwa pamoja na kisanduku, na hapo ndipo shida za chama chao cha kurusha ndege zilipoanza.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mzee Kabulo alikuwa na bisibisi ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, kwa sababu ukisogeza chuma karibu na koili ya kipokezi kile masafa yanahama. Unafunga vizuri, unaondoa mkono, na kila kitu kimekwenda zake. Bwana Najua alikuwa na bisibisi ya chuma yenye mpini wa pembe. Kila Jumamosi alirekebisha kipokezi nayo, akaridhika, akaenda kula. Kila Jumamosi Mzee Kabulo alingoja mlango ufungwe, akatoa mwanzi wake, akarudisha kila kitu mahali pake. Pia alitembea na karatasi za kusokotea sigara, na hakuwa mvutaji. Karatasi moja ndiyo ilikuwa kipimo cha nafasi kati ya ncha za rele: ikipita kwa shida, ni sawa, ikipita kwa raha, punguza kidogo. Nimetumia vipimo vya bei kali tangu hapo, na nyumbani bado ninayo pakiti ya karatasi zile.

Kesi iliyonikomaza ilikuwa ya ndege ya daktari mmoja wa meno. Kila ilipopanda, mkia ulikataa kugeuka, ndege ikanyoosha njia ya Kasenga, kwa wavuvi, kana kwamba imetumwa samaki. Tuliifuata porini kwa baiskeli, tukaipata juu ya kichuguu, na Luano ya siku zile ilikuwa na vichuguu virefu kuliko nyumba. Wazungu walikutana wakatoa maelezo. Mmoja alisema madini ya ardhini yanavuta mawimbi. Mwingine alisema ni sisi wafanyakazi, tunaipiga jicho. Bwana Najua alisema anajua.

Mimi niliiangalia rele kwa lenzi siku mbili. Ncha zake zilikuwa za fedha, na fedha ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Daktari aliishi upande ule ambao upepo wa kiangazi unapeleka moshi wa bomba la kiwanda cha shaba, na alitundika ndege yake barazani. Kila asubuhi ule moshi uliokuwa ukitukohoza sisi sote ulikuwa ukilamba zile ncha. Nikazisugua kwa ukanda wa karatasi ngumu, nikafunika kipokezi kwa kipande cha mpira. Jumapili iliyofuata ndege ilizunguka vizuri kama kunguru wa mjini. Daktari alimpa Bwana Najua mkono, akamwambia ana kipaji. Mzee Kabulo alinitazama juu ya miwani, akanisogezea kiti chake nikikalie. Hakuwahi kumpa mtu kiti kile, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti chochote baadaye.

Niseme pia kuhusu chama chenyewe. Vipokezi vya wakati ule viligombana: ndege mbili hewani kwa pamoja, kila moja inasikia amri ya mwenzake. Kwa hiyo waliruka mmoja mmoja, na walipanga foleni kwa vyeo vya ofisini. Injinia mkuu kwanza, halafu naibu wake, na mwishoni kabisa kijana wa posta aliyekuwa rubani bora kuliko wote. Wakingoja, kila mmoja aliwasha kipokezi chake ili kionekane tayari. Betri zilikuwa zinakufa kwa adabu, kwa mpangilio wa serikali, na kijana wa posta sikumbuki kama aliruka Jumapili mbili mfululizo.

Bwana Najua yeye alikuwa na shida ya zamu. Hakuweza kabisa kukumbuka kama kinachofuata ni kuume au kushoto. Baada ya kuvunja mabawa manne, akabuni utaratibu: mimi nisimame hatua moja nyuma yake, nimshikie mwavuli, na nimnong'oneze. "Sasa kuume, Bwana. Sasa kushoto." Mkono wangu haukuruhusiwa kugusa kitufe. Kurusha mawimbi kulihitaji kibali, na kibali hakikutolewa kwa watu wa rangi yangu. Kutengeneza kisanduku, sawa. Kukibeba, sawa. Kukifinya, hapana. Basi ndege ikawa inaongozwa na mdomo wangu na kidole chake, na gazeti likasifu kidole.

Yote hayo ningeyacheka mpaka leo kama nisingempenda Honorine.

Honorine alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani kwetu, na baba yake, Baba Ngoie, alikuwa mgeuza njia stesheni ya treni. Yeye ndiye aliyevuta zile nondo kubwa ili treni ya Kipushi iende Kipushi na si kwingine. Alikuwa mfupi, mkali, na sauti yake ilivuka reli kumi na mbili bila kuchoka. Nilikwenda kuposa pamoja na Mzee Kabulo kama msemaji wangu. Baba Ngoie alitusikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kiganja.

"Buku."

Alimaanisha kitabu cha kazi, kile ambacho kila mmoja wetu alilazimika kutembea nacho, chenye picha, kabila, na mstari wa kazi. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole.

"Boyi ya atelier," akasoma: mtumishi tu.

"Baba, ile ni kuandika tu," Mzee Kabulo akasema. "Uyu kijana anatengeneza redio kupita muzungu mwenyewe."

"Buku haisemi vile. Mutoto yangu alisoma ku ba masœur ba misioni. Sitamupa ku boyi. Murudie siku buku itasema ingine."

Nilitoka pale nikichemka. Kwa miezi mingi nilimwigiza Baba Ngoie mbele ya rafiki zangu: miwani, kidole, "Buku haisemi vile." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliona ni mzee anayeabudu wino wa wazungu. Lakini nilimtaka binti yake, kwa hiyo nilikwenda kwa Bwana Najua kumwomba hilo neno, "mécanicien radio", fundi redio, maneno mawili ukihesabu vizuri. Alinijibu kwa kile Kiswahili chao cha jikoni.

"Najua, najua. Weye nafanya kazi muzuri. Lakini ile neno ni ya bazungu ya Ubelgiji. Ngoja."

Nikamwuliza ningoje mpaka lini. Akasema nimekuwa na haraka tangu nianze kusoma magazeti. Honorine alikuwa na miaka ishirini, na mwalimu mmoja mwenye neno zuri katika kitabu chake alikwisha kuonekana mara mbili akimsalimia Baba Ngoie baada ya misa. Nilikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya.

Ndipo chama kikaandaa onyesho kubwa la Jumapili mbele ya mkuu wa mkoa. Hema jeupe lilisimamishwa, viti vya mto, keki, mabibi na kofia zao. Wafanyakazi wa treni walipewa nusu siku na kuletwa kwa malori ili washangilie, nao waliwekwa nyuma ya kamba, upande wa pili wa uwanja. Bwana Najua aliteuliwa kufungua, kwa kuwa ndiye aliyeuza visanduku vyote. Asubuhi hiyo aliniita kando, shingo yake nyekundu.

"Leo weye kule, nyuma ya kamba. Mukubwa hapana ona boyi nasema na miye."

"Bwana, na zamu?"

"Najua, najua."

Mzee Kabulo alinifuata kwenye kamba akitikisa kichwa. "Banamutoa kichwa," akasema, "banamuachia kidole."

Daktari wa meno aliirusha ndege ya Bwana Najua kwa mkono, ikapanda vizuri. Bwana Najua akafinya: kuume. Makofi. Akafurahi, akavua kofia kuwasalimu mabibi, na katika kuinama kule kidole chake kikagusa kitufe tena. Mkia ukacheza kidogo kushoto, ukanyooka. Yeye hakuona. Mimi niliona. Zamu ilikuwa imekwisha kupita: alidhani kinachofuata ni kushoto, na kumbe ni kuume.

Ndege ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuzwa na upepo wenyewe bila kitufe, ikarudi nao nyuma yake. Sasa ilihitaji kwenda kushoto ili iliache hema. Akafinya. Ikaenda kuume, moja kwa moja kwenye keki. Bwana Najua akafinya kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebana kunguni, na kadiri alivyoshikilia ndivyo mkia ulivyobaki kuume. Ile ndege ilikuwa na injini ya chuma puani na propela inayoweza kukata vidole. Mabibi walikuwa bado wanatabasamu.

"Achia, Bwana!" nikapiga kelele. "Achia, finya tena!"

Upepo uliichukua sauti yangu ukaitupa kwenye majani. Nikarudia, nikasikia inakatika. Mtu aliyekuwa kando ya Mzee Kabulo akageuka, na hapo ndipo nilipomwona: Baba Ngoie, katika koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Alinitazama, akaitazama ndege, akamtazama yule mzungu. Mtu aliyegeuza njia za treni maisha yake yote hahitaji kuelezwa kwamba kitu kinakwenda kusikotakiwa. Akavuta pumzi.

"ACHIA! FINYA TENA!"

Watu wa treni walizoea kuitii sauti ile. Wote waliokuwa nyuma ya kamba wakaipokea: "Achia! Finya!" Kidole cha Bwana Najua kilitii kabla ya fahari yake kupata nafasi ya kukataa. Mkia ukageuka kushoto. Ndege ikapita juu ya hema kwa kimo cha mtu mmoja, na bibi mmoja akaingia chini ya meza na kofia yake.

Mafuta yalikuwa bado mengi. Kwa hiyo tuliendelea. Mimi nilisema chini, Baba Ngoie akasema juu, na umati ukamaliza: "Kuume! Achia! Kushoto! Achia!" Watu walioletwa kupiga makofi waliona mchezo huu ni bora zaidi. Bwana Najua alisimama peke yake katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, akirushwa huku na huku na mamia ya vibarua kama yeye ndiye ndege. Injini ilipozima tuliishusha taratibu, ikateleza kwenye nyasi, ikasimama hatua moja kabla ya kichuguu. Upande wetu ulilipuka. Upande wa hema ulipiga makofi ya glavu.

Mkuu wa mkoa akaja uwanjani, akauliza kwa Kifaransa ni nani yule aliyekuwa akitoa amri nyuma ya kamba. Tuliitwa tukasogea. Nilimwona Bwana Najua akipima. Akisema ni boyi wake, basi boyi amemwongoza mbele ya mkoa mzima. Alibaki na njia moja tu.

"C'est mon mécanicien radio, Excellence."

"Basi umemfundisha vizuri sana," mkuu akasema.

"Je sais, Excellence," akajibu Bwana Najua, kwa mazoea: najua, kwa Kifaransa.

Jumatatu aliomba kitabu changu. Aliandika neno lile kwa mwandiko mzuri, akaweka tarehe ya mwezi uliotangulia, ili uongo wa Jumapili uwe umezaliwa kabla ya Jumapili. Akapiga mhuri, akanirudishia bila kunitazama. "Sasa, mécanicien," akasema, "fagia atelier." Nikafagia. Sijawahi kufagia kwa furaha namna ile.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa Baba Ngoie na Mzee Kabulo, shati limepigwa pasi mpaka linajikata. Niliweka kitabu mezani kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Niwaambie ukweli: nilitaka kumwona akiaibika. Nilikuwa nimejiandaa. Alivaa miwani, kidole kikafuata mstari, kikafika kwenye neno, kikasimama hapo. Hakutabasamu. Nikaanza kuogopa kwamba mwalimu ametutangulia.

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kitabu chake mwenyewe kilichofungwa kwa kitambaa. Akakifungua mbele yangu.

"Soma."

Nikasoma. Mstari wa kazi ulisema "manœuvre". Kibarua. Neno lile lile waliloandikiwa watu wa kubeba mawe na kufyeka nyasi.

"Tangu batoto banazaliwa niko ku leviye, zile nondo za njia," akasema Baba Ngoie, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Treni za bantu, treni za shaba. Hata moya haikupotea mu mikono yangu. Na buku inasema naweza kubeba bintu, basi. Kijana, siye weye nilikatala. Nilikatala ile neno. Miye naijua. Inaingia mu nyumba, inakaa ku meza na batoto. Nilitaka Honorine apate nyumba yenye haina nayo."

Miezi yote ile ya miwani na kidole ilinirudia kifuani, pamoja na vicheko vya rafiki zangu, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mzungu yeyote.

"Baba, unisamehe," nikasema. Hakujua namwomba msamaha wa nini. Mzee Kabulo alijua, akatazama ukuta.

"Nilipiga kelele pamoja na weye," Baba Ngoie akasema. "Nilisikia mwenyewe nani anaongoza. Mutoto ni wako."

Honorine akaingia na bukari, ugali wetu, inayotoa moshi, na bakuli la sombe, majani ya muhogo. Meza ilikuwa ndogo. Akavichukua vitabu vyote viwili, changu juu ya cha baba yake, akaviweka sakafuni kando ya mlango, akapanga sahani.